Machozi ya Amor na Posa ya Wang'uru

Wengi wenu mliitazama tamthilia ya Kifilipino, Pangako Sa 'Yo, iliyoanza mwaka 2000. Amor, mtumishi wa nyumbani, alipendana na Eduardo, mwana wa matajiri. Wakatenganishwa kwa ajili ya umaskini wake. Hatuwahimizi kukesha mbele ya runinga, lakini machozi mliyomlilia Amor yalikuwa ya kweli.

Basi ifikapo pwani posa ya kijana Mwislamu wa huku kwetu Wang'uru, mkulima wa mpunga, mwenye dini na tabia njema, mbona kabila huulizwa kwanza? Pishori yake twaipikia pilau ya harusi; mwenyewe twamrudisha.

Surat al-Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa mbora wetu ni mchamungu zaidi. Wazazi, tuulize dini na tabia, kisha tumuulize binti.