Mashine ya seremala nyumbani: bei ya dukani siyo bei yote

Chukulia familia moja ya Nkuhungu, jijini Dodoma. Baba ni seremala aliyeajiriwa kwenye karakana ya mtu, mama anauza vitenge, watoto ni watatu. Wa pili ana miaka sita na ana pumu. Pampu yake haikai mbali na kitanda. Kikoba kimevunjwa, mama amepata Sh1.5 milioni, na wamekubaliana kwamba baba aache kuajiriwa, afungue karakana yake uani. Banda lipo tayari. Limeegemea ukuta wa chumba cha watoto.

Baba ameshaona mashine ya kununua. Ni msumeno wa meza na randa katika mwili mmoja, imetumika, na muuzaji anataka Sh1.4 milioni. Mama anauliza swali moja tu.

"Baba watoto, hiyo inatumia umeme gani?"

Swali hilo lina thamani kuliko linavyosikika. Mashine nyingi kubwa zinazotoka kwenye viwanda na karakana za zamani zina mota za fezi tatu, wakati nyumba nyingi za kawaida zimeunganishwa fezi moja. Anayebeba mashine bila kusoma kibati cha mota anaweza kujikuta na chuma kizuri cha kuwekea ndoo, huku akianza safari za Tanesco kuomba laini nyingine.

Tuseme ni ya fezi moja, yenye mota ya kilowati 1.5. Ikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inakula uniti 78. Wateja wa majumbani walio kwenye daraja la D1, lenye umeme wa bei nafuu, ni wale ambao matumizi yao hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mashine hiyo peke yake, kabla ya friji, pasi na taa, inatosha kuitoa familia kwenye bei nafuu. Hakuna muuzaji anayeliandika hilo kwenye karatasi ya bei.

Ndiyo maana kwa karakana ya uani, randa kubwa ndiyo ununuzi wa mwisho. Kuchana na kuranda ni kazi zinazoweza kununuliwa kama huduma: mbao inapelekwa kwa mwenye mashine kubwa, inalipiwa, inarudi nyumbani ikiwa imenyooka. Inauma kulipa mwingine kwa kazi unayoiweza, na mafundi wengi hapo ndipo wanapokwama kwa ajili ya heshima. Lakini kelele, umeme na sehemu kubwa ya maranda vinabaki huko huko, na fedha zinabaki kwa vifaa vinavyoshikwa kila siku. Kazi ipo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, nyumba zimeendelea kuota na kila moja inataka milango, vitanda na makabati ya jikoni. Mteja wa kabati haulizi mbao ilirandwa kwenye banda la nani.

Kinachobaki kununuliwa ni drili, msumeno wa umeme wa kushika mkononi na mashine ya msasa. Hapo kwenye msasa ndipo mama mwenye mtoto wa pumu anatakiwa kuwa mkali kuliko fundi.

Maranda yanayoonekana sakafuni si hatari kubwa, yanafagiliwa. Hatari ni vumbi laini kama unga, linaloelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na msasa ndio unaolitoa kwa wingi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Hiyo ni hatari ya fundi wa miaka mingi. Kwa mtoto mwenye pumu matokeo hayasubiri miaka: kifua kinaweza kubana usiku huo huo. Vumbi la mvule na la mninga, mbao ambazo wateja wanazipenda, linajulikana kwa kuchokoza pua, macho na kifua.

Kwa hiyo mashine ya msasa isiyo na mfuko wa vumbi wala tundu la kuunganisha bomba la kunyonya ni ghali kwa bei yoyote. Barakoa za N95 au FFP2 zihesabiwe kwenye bei ya mashine, maana kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini. Na baba abadilishe nguo bandani kabla ya kumbeba mtoto. Kuzipuliza kwa kompresa mlangoni ni kulihamishia vumbi sebuleni.

Kelele nayo ina hesabu yake. Kwa kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, lakini kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo msumeno wa umeme unazifikia, ni dakika 15 tu. Kwa kuwa ukuta ni mmoja, meza ya kazi ihamie upande wa pili wa banda, na msumeno usiwashwe watoto wakiwa wamelala.

Siku ya kununua kifaa kilichotumika, kwanza kichomolewe kwenye umeme, diski izungushwe kwa mkono. Ikiyumba au ikikwaruza, beringi zimechoka. Kisha kiwashwe kwa dakika kadhaa: harufu ya kuungua na cheche nyingi kwenye kaboni ni sababu ya kuondoka. Swali la spea liulizwe hapo hapo, kama kaboni zinapatikana Dodoma au mpaka Kariakoo. Kinga ya diski lazima iwepo na irudi yenyewe ikiachiwa. Wauzaji husema mafundi wote huing'oa. Wengi huing'oa kweli, na wengine wanahesabu vidole.

Mama ana swali la mwisho, la mabaki. Alizoea kuwashia jiko mabaki anayoletewa na mumewe. Mbao za kuezekea zenye rangi ya kijani mara nyingi zimewekwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki, na sumu hiyo haiishi kwa moto. Inatoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu. Hazifai jikoni, wala pumba zake hazifai kutandikiwa kuku. Sasa ana viroba viwili nyuma ya banda. Cha mbao za kijani amekifunga kamba nyekundu, kinasubiri gari la taka.