Waheshimiwa, mkitoka Geneva mtuletee ripoti

Kila picha ya wabunge wetu wakiwa kwenye mkutano ng'ambo ikitua mitandaoni, vijana tunajibu vile vile: wameenda kula marupurupu. Mara nyingi hasira hiyo ina msingi. Lakini wasee, tukiishia kwa matusi tunawaachia kitu ambacho sisi tungekitumia.

Muungano wa Mabunge Duniani, IPU, haukuanzishwa na watalii. Ulianza Paris mwaka wa 1889, ukiongozwa na Mfaransa Frédéric Passy na Mwingereza William Randal Cremer, fundi seremala aliyepigania wafanyakazi kabla ya kuingia Bunge. Wazo lao lilikuwa rahisi: mizozo ya nchi iamuliwe na wasuluhishi, si bunduki. Leo makao yake yako Geneva na unaleta pamoja mabunge karibu 180, la Kenya likiwemo.

Na kuna kazi inayofanyika huko. Tangu 1976 IPU ina kamati ya kutetea wabunge wanaokamatwa au kuteswa. Bobi Wine na wabunge wenzake walipokamatwa Arua, Uganda, Agosti 2018, akasema aliteswa, kamati hiyo ilichukua kesi yao. Januari 2020 ikatuma ujumbe Uganda. Kamati haina polisi wala jela. Silaha yake ni kuuliza maswali hadharani, tena na tena.

Hapo ndipo nina swali. Mbunge akiumizwa, ana kamati Geneva. Kijana aliyepigwa risasi karibu na Bunge jijini Nairobi, Juni 25, 2024, siku wabunge walipopitisha Mswada wa Fedha, ana nani? Jibu linafaa kuwa mbunge wake. Ndiyo maana ya mwakilishi. Huwezi kuhubiri haki kwenye jukwaa la dunia, halafu ukirudi nyumbani unanyamaza waliokuchagua wakizikwa.

Tena IPU yenyewe inasema wabunge walio chini ya miaka 30 hawafiki asilimia 3 duniani, ilhali karibu nusu ya watu wote wako rika hilo. Mwaka wa 2021 ilianzisha kampeni ya kuingiza vijana bungeni. Makofi yalipigwa. Huku kwetu, ada ya uteuzi wa chama bado ni ukuta kwa kijana anayehangaika na kodi ya nyumba.

Kwa hivyo tusiulize tu walitumia pesa ngapi. Tuulize walikubali nini. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ujumbe ukirudi, tudai majibu: mliahidi nini kuhusu vijana? Kuhusu maandamano? Kuhusu mauaji? Mmetekeleza lipi?

Si lazima uwe wakili. Andika kwa Kiswahili, kusanya sahihi za watu wa mtaa wako, peleka, kisha fuatilia kama mtu anayedai deni.

Bobi Wine alipata watu wa kuuliza kwa niaba yake. Wenzetu waliouawa Juni ile wanastahili angalau hilo, na wa kuanza kuuliza ni sisi.