Kilwa Ndani ya Gemu: Mizani Mitatu ya Kuipima Michezo ya Video



Wapendwa wanaparokia, baadhi ya wazazi wametuletea ombi moja kwa maneno mbalimbali. Wanataka tutangaze altareni kwamba michezo ya video, ile ambayo vijana huiita gemu, ni dhambi. Na kwamba mtoto atakayeonekana kwenye banda la gemu aondolewe katika mafundisho ya Kipaimara. Tumelipokea ombi hilo kwa heshima, kwa maana limetoka katika mioyo yenye hofu ya kweli. Mzazi aliyemtuma mtoto dukani na sukari haikufika nyumbani, kwa sababu fedha iliishia bandani, ana haki ya kuogopa. Hata hivyo hatutatangaza hivyo. Wala hatutakubaliana na vijana wanaotuambia, "Padre, ni mchezo tu." Hakuna kitu kinachomchukua mtu saa nne kwa siku kikabaki kuwa "tu".

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliwahi kujiuliza kama michezo inaweza kuwa na fadhila ndani yake. Alijibu kwamba inaweza. Roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko la roho. Lakini aliweka tahadhari tatu: furaha ya mchezo isitafutwe katika mambo machafu au yenye kudhuru; mchezaji asiipoteze kabisa nafsi yake; na mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Aliandika hayo katika karne ya 13, kabla ya umeme, lakini tunaona mizani hiyo mitatu ingali inapima vizuri. Tuitumie kwa gemu ambazo watoto wetu wa Kilwa, Lindi na vijiji vya jirani wanazifahamu.

Mizani ya kwanza: mchezo unafurahia nini? Gemu, tofauti na filamu, hutoa ujira. Humwonyesha mchezaji kitendo, kisha humlipa kwa kukitenda. Tuchukue mfano wa Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa mwaka 2004 na ambayo bado inachezwa. Ubora wake hatuwezi kuukana. Ni mji mzima uliojengwa kwa ustadi, wenye barabara, redio, hali ya hewa na watu wanaopita na shughuli zao. Mchezaji ana uhuru mkubwa wa kwenda atakako. Tatizo ni kwamba wapita njia wale wamewekwa pale kama vitu vya kuokotea fedha. Ukimpiga mtu asiye na hatia akaanguka, fedha hubaki barabarani kwa ajili yako. Watengenezaji wenyewe hawakuikusudia kwa watoto, na alama ya umri iliyo juu ya jalada lake inasema hivyo. Banda linalomruhusu mtoto wa darasa la nne kuicheza limekwenda kinyume hata na waliouza mchezo huo.

Free Fire, iliyotoka mwaka 2017, ina hoja nyingine. Ilipendwa kwetu kwa sababu inakubali kucheza katika simu za bei nafuu, na mechi yake huchukua takriban dakika 10. Watu 50 hushushwa kisiwani, na anayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Wanaocheza kwa kikosi hujifunza kupeana taarifa na kulindana, na hilo ni jema. Lakini ujira wake mkuu ni kubaki peke yako baada ya wengine wote kuondolewa. Mkristo anayetafakari hatakosa kuona kwamba huo ni mfano wa dunia usio wa Injili. Kwa kijana mwenye akili pevu huo ni mchezo wa kujificha na kutafutana wenye bunduki. Kwa mtoto mdogo ni somo.

Mizani ya pili: mchezo unakuachia nafsi yako? Hapa tuyatazame mabao yetu ya mbao barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mbora hushinda kwa hesabu na subira. Aliyeshindwa huinuka, humpisha mwingine, na watu hucheka. Hakuna anayeweza kununua kete ya 65. Basi tulinganishe na gemu za mpira, zile zilizoitwa FIFA hadi mwaka 2023 na ambazo sasa zinaitwa EA Sports FC. Hizi ndizo zinazojaza mabanda, na tunazipenda zaidi kuliko nyingi. Hufundisha mpangilio wa timu, hukutanisha vijana wa imani zote kwenye benchi moja, na ziliwapa furaha ambayo wazee hawakuijua. Mbwana Samatta alipohamia Aston Villa mwaka 2020, kijana wa pwani hii aliweza kumchezesha Mtanzania mwenzake dhidi ya vilabu vikubwa vya Uingereza.

Lakini ndani ya gemu hizo kuna sehemu ambayo mchezaji hununua pakiti bila kujua ndani yake kuna mchezaji gani. Analipa, anafungua, anakosa, analipa tena. Sisi tunaojua kamari hatuhitaji kuambiwa jina la jambo hilo. Serikali ya Ubelgiji iliona hivyo pia mwaka 2018, na mwaka 2019 kampuni ililazimika kuacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Free Fire nayo ina almasi zake zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Ufundi huo umebuniwa ili mtu asitosheke. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeutambua uraibu wa gemu: mtu kushindwa kujizuia, kuyaacha mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa anaona madhara. Kwa hiyo mzazi anayesema mwanawe "amerogwa na simu" ameuona ugonjwa, ijapokuwa amekosea jina la mganga wake.

Mizani ya tatu: mchezo unalingana na mtu, wakati na mahali? Kuna gemu ya kuendesha mabasi iliyotengenezwa Indonesia, Bus Simulator Indonesia, ambayo vijana wetu wanaipenda kwa sababu inawaruhusu kulipamba basi kwa rangi wanazozitaka, zikiwemo za mabasi wanayoyaona yakipita kwenda Dar es Salaam na Mtwara. Kule Indonesia huendesha upande wa kushoto kama sisi. Kazi ya mchezaji ni kuwafikisha abiria waendako. Ni gemu ya utulivu, na mtoto aliyechora rangi za basi lake amejifunza sanaa ndogo. Kasoro yake ni kwamba ajali ya ndani ya simu haina mazishi. Sisi tunaozika waliofia barabarani tunamwomba mzazi acheze na mwanawe angalau mara moja, amwambie kwamba abiria ni watu.

Kuhusu wakati, tunaye mwalimu kijana. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Baba Mtakatifu Leo wa XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation na aliifurahia. Alijiwekea saa moja kwa wiki. Hakuivunja wala hakuihubiri kuwa ya shetani. Aliipa mahali pake, na muda uliobaki akautumia katika sala, katika kuwahudumia maskini na katika tovuti yake ya miujiza ya Ekaristi.

Sasa tufike kwenye gemu iliyotufanya tuandike tafakari hii. Inaitwa Civilization VI. Si ya bandani. Huchezwa taratibu kwenye kompyuta, na mchezaji huongoza taifa tangu enzi za kale hadi zama za vyombo vya anga. Katika nyongeza yake ya mwaka 2018, miongoni mwa maajabu ya dunia yanayoweza kujengwa, pamoja na Hagia Sophia na Mont Saint-Michel, imo Kilwa Kisiwani. Ndiyo, ni kisiwa hikihiki tunachokitazama kutoka Kilwa Masoko.

Kwanza tuitolee heshima yake. Waliobuni ajabu hilo walisoma. Kilwa ya gemu haileti jeshi. Ni lazima ijengwe pwani kwenye ardhi tambarare, na ikikamilika huleta wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji midogo. Kisha kila urafiki na miji hiyo huzaa neema zaidi. Hiyo ndiyo siri ya Kilwa ya kweli. Mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 ulistawi kwa kuwa katikati ya watu: dhahabu ya bara iliyopitia Sofala, vyombo vya China, vitambaa vya India. Ulikuwa na sarafu zake wenyewe na Msikiti Mkuu, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa. UNESCO iliyaweka magofu yake na ya Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981. Tunawajua vijana wa hapa ambao hawajawahi kuvuka maji kwenda kuyaona. Iwapo gemu itawatia hamu ya kupanda mashua, tutaishukuru.

Lakini kasoro zake ni nzito. Ajabu la Kilwa limo, Waswahili hawamo. Mchezaji anaweza kuwa Misri, Mali, Ethiopia, Kongo au Wazulu. Mswahili hawezi kuwa. Zanzibar ipo kama mji mdogo wa kufadhiliwa na wakubwa, unaotoa mdalasini na karafuu. Nyumba yetu imewekwa jukwaani bila wenye nyumba.

Tena imo sera iliyopewa jina la biashara ya pembetatu, jina lilelile la biashara iliyowavusha Waafrika katika bahari ya Atlantiki. Mchezaji akiichagua, misafara yake humletea dhahabu zaidi na imani zaidi. Mtumwa haonekani popote. Sisi tunaishi karibu na Kilwa Kivinje, bandari ambayo katika karne ya 19 watu walifikishwa kwa minyororo kutoka bara. Na mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kila mwaka. Hatuwezi kuiona faida hiyo kama namba tu.

Jambo la tatu linatuhusu sisi tulio Kanisa. Katika gemu hii imani ni fedha. Huwekwa akiba, hununua wamisionari na mitume, na mitume wa dini mbili wakikutana hupigana kwa radi. Ipo hata njia ya kushinda kwa dini: dini yako itawale zaidi ya nusu ya miji ya kila taifa. Naye Mvemba a Nzinga, Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo, haruhusiwi kuanzisha dini. Hupokea tu ya wengine. Lakini Afonso wa kweli alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akipinga kuuzwa kwa watu wake, na mwanawe Henrique aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Mtu atatuambia kwamba gemu haikuzua jambo hilo, na atakuwa amesema kweli. Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa. Taarifa ya safari ile yasimulia kwamba Wafransisko walishuka pwani na misalaba wakiimba Te Deum. Msalaba ukasimikwa, sala ikasaliwa, kisha askari wakaanza kuupora mji. Hivyo ndivyo msalaba ulivyoingia Kilwa mara ile. Wareno waliondoka mnamo mwaka 1512, na imani iliyoletwa namna hiyo haikuacha mizizi. Hiyo ndiyo sababu hatupendi mtoto wetu ajifunze kuhesabu dini ya jirani kama miji ya kutwaliwa. Hapa tunaishi na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi kuliko sisi. Tunazikana, tunakopeshana chumvi, tunapelekeana chakula cha Idi na cha Krismasi. Hatuna imani ya kununulia radi.

Je, tuikataze Civilization VI? Hapana. Kijana wa sekondari anayeicheza huku akiuliza maswali atajifunza zaidi ya yule anayekariri. Gemu yenye makosa, mikononi mwa kijana aliye na mtu wa kuongea naye, ni kitabu. Mikononi mwa mtoto aliyeachwa peke yake, ni mlezi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wazazi, kabla ya kukataza, ketini mara moja mtazame: inalipa nini, inamwachia mtoto, inamfaa kwa umri wake? Wenye mabanda, wengine ni waamini wetu: msipokee mtoto saa za shule, na San Andreas isiwe ya watoto. Vijana, likizo ijayo tuvuke pamoja kwenda Kilwa Kisiwani, na mje na rafiki zenu wa madrasa. Tutaingia Husuni Kubwa, tutaona Gereza la Wareno, na tutasoma yote mawili bila kuficha. Nauli ya mashua ni sawa na mechi chache za bandani.

Mungu awabariki nyote.