Ukurasa wa Nyumba: Vumbi ya Mugodi juu ya Parke



Mwezi huu tuongee juu ya pale tunapokanyaga mu nyumba. Kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nyumba nyingi za kampi ni za sima, ile inayopakwa siraji nyekundu. Lakini mu nyumba kadhaa za zamani kungali parke, vipande vya mbao ngumu. Parke ikichungwa muzuri, wajukuu wako wataikanyaga pia.

Wengi wanazani adui wa kwanza ni maji. Hapana, ni muchanga. Baba akitoka kazi, viatu vyake vinaleta punje ndogo za mawe, na kila hatua inakwaruza mbao kama karatasi ya kusugulia. Weka gunia ya zamani mbele ya mulango, na viatu vya kazi vilale inje. Baba akikasirika, umuonyeshe mistari ndeyo atanyamaza.

Tena hii si mambo ya urembo tu. Mu mwaka 2014 watu walianza kuchimba mu parseli zao pale Kasulo, Kolwezi, kisha kuona mawe ya kobalti chini ya nyumba. Wataalamu wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa pale, na mu mwaka 2018 walitangaza matokeo: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mu mukojo na mu damu kuliko wale wa kartiye ya jirani, na watoto ndio walikuwa nayo sana. Vumbi ya ndani ya nyumba ilikuwa nayo pia. Mutoto anatambaa, analamba vidole, anaokota mukate ulioanguka. Sisi wakubwa tunapita juu tu.

Kwa hiyo, mama, usifagie vumbi kavu. Fagio kavu inairusha juu, tunaivuta, kisha inarudi chini palepale. Kama ni sima, nyunyiza maji mbele ya kufagia, halafu upanguse. Kama ni parke, usimwage maji hata kidogo! Twaa kitambaa, ukiloweshe, ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone moja. Pangusa kufuata urefu wa mbao. Uwe na ndoo mbili, moja ya kusafisha kitambaa na moja ya maji safi, na ubadilishe maji yakianza kufanana na chai. Kisha pitisha kitambaa kikavu. Maji machafu usiyamwage mu mboga wala karibu na kisima. Na vijana wanaume, kitambaa hakijui kama mukono ni wa dada ao wa kaka.

Mbao inafuata majira. Wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili, inakunywa unyevu wa hewa na inavimba. Wakati wa kiangazi inakauka na kuacha nyufa, na vumbi inajificha pale. Fundi akikuambia mu mwezi wa 7 ajaze sima mu nyufa, mushukuru na umurudishe kwake. Mu Januari mbao itavimba, itakosa nafasi, na itainuka.

Kupaka je? Nta ya nyuki inatosha. Iyeyushe mu kasufuria kadogo kalichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikiyeyuka, itoe ku mbabula, uende nayo mbali na moto, ndipo utie terebentini kidogo kidogo. Terebentini inawaka mbio, na watoto wasikuwe karibu. Ikipoa inapaswa kuwa laini kama margarini. Paka kidogo sana, acha ikauke, sugua na kipande cha blanketi. Wale wanaopaka mafuta ya vidanji wanajiletea uchafu, kwa sababu mafuta ile imejaa masizi na chuma cha motere, tena inashika vumbi. Petroli ya taa ni hatari ya moto. Javeli inafanya mbao ipauke.

Mwisho, muchwa. Kila mwezi gonga parke na mupini wa kisu, zaidi karibu na kuta. Pakilia kama ngoma, inua kile kipande leo leo, na utafute njia yao ya udongo ku ukuta.