Tiba ya Akili kwa Njia ya Simu: Nani Anawajibika Upande wa Pili?

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka miwili, kinapingana na Katiba. Kwa hukumu hiyo ya Jaji Lawrence Mugambi, aliyekata tamaa ya kuishi hatazamwi tena kama mhalifu, bali kama mtu anayehitaji tiba. Lakini tiba hiyo ataipata wapi, na kutoka kwa nani?

Kwa muda mrefu, matibabu ya magonjwa ya akili nchini Kenya yamefungamana na Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza mwaka 1910. Hata leo madaktari bingwa wa fani hiyo ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Mkazi wa Lodwar, katika Kaunti ya Turkana, yuko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi. Ukijumlisha nauli, siku za kazi zinazopotea na hofu ya kuonekana kwenye foleni ya wagonjwa wa akili, utaelewa kwa nini wengi hubaki nyumbani na mzigo wao. Simu ya mkononi imewafungulia mlango. Sehemu kubwa ya tiba ya sonona au ya hofu iliyopita kiasi ni mazungumzo, nayo yanaweza kufanyika kwa mbali kwa urahisi kuliko tiba nyingine nyingi.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hiyo, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inatambua tiba mtandao. Msingi basi upo. Kinachohitajika sasa ni kuhakikisha kwamba sheria hizi zinamfikia yule aliye peke yake na simu yake usiku wa manane.

Jambo la kwanza ni kumtambua mtoa huduma. Hospitalini mgonjwa huona jengo, wauguzi na cheti ukutani. Kwenye simu huona picha na maneno mazuri tu, na huenda anayezungumza naye yuko nchi nyingine kabisa. Marekani imekutana na ugumu huu kwa sababu kila jimbo hutoa leseni zake, na kwa kawaida kinachozingatiwa ni mahali alipo mgonjwa. Anayehamia jimbo jingine anaweza kumpoteza mshauri wake katikati ya tiba. Ili kupunguza adha hiyo, majimbo zaidi ya 40 yamejiunga na mapatano yaitwayo PSYPACT, yanayowaruhusu wanasaikolojia wenye sifa kuhudumu kwa mbali kuvuka mipaka ya majimbo. Funzo lake ni kwamba mipaka inaweza kulegezwa pasipo kulegeza uwajibikaji. Mgonjwa wa Kenya aliyedhurika na huduma inayotoka ng'ambo lazima awe na mahali pa kupeleka malalamiko hapa nchini.

Jambo la pili ni siri. Mwezi Machi 2023, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliituhumu kampuni ya ushauri nasaha ya mtandaoni, BetterHelp, kwamba ilitoa taarifa za wateja kwa kampuni nyingine, ikiwemo Facebook, kwa ajili ya matangazo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8. Nchini Finland, mwaka 2020, maelfu ya wagonjwa wa kituo cha tiba ya saikolojia kiitwacho Vastaamo waliona kumbukumbu zao zilizoibwa zikigeuzwa silaha ya kuwatoza fedha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2491, inafundisha kwamba siri za kitaaluma, zikiwemo za matabibu, zinapaswa kutunzwa. Aliyemfunulia mshauri jeraha la nafsi yake hakutoa bidhaa ya kuuzwa sokoni.

Jambo la tatu ni hatari ya uhai. Mgonjwa akitamka kwa simu kwamba anataka kujiua, kisha simu ikakatika, mshauri atafanya nini ikiwa hajui alipo? Ni haki sheria idai kwamba kila mazungumzo yaanze kwa kuuliza mahali alipo mgonjwa, jina la mtu wa karibu wa kuitwa, na hospitali iliyo jirani. Ndiyo sababu pia mashine haiwezi kukabidhiwa kazi hii. Mwezi Agosti 2025, jimbo la Illinois lilipiga marufuku akili mnemba kutumika kutoa tiba ya saikolojia mahali pa mtaalamu. Mashine hupanga maneno ya faraja, lakini haiitwi mbele ya baraza lolote kujieleza.

Hata hivyo, sheria nzito kupita kiasi nayo huua. Kumtaka kila mgonjwa aonane kwanza ana kwa ana na mtaalamu, au kukubali huduma ya video pekee, ni kuwafungia nje wasio na nauli na wasio na simu janja. Masharti yapimwe kwa hatari iliyopo: yawe makali kwa dawa zinazoweza kumfanya mtu mtumwa wake, na mepesi zaidi kwa mazungumzo.

Kwetu waamini, jambo hili lina sura ya karibu. Wengi hutumia simu moja na jamaa zao, katika nyumba ambamo hakuna pembe ya kunong'ona. Parokia yenye ofisi au zahanati inaweza kutenga chumba tulivu chenye mlango unaofungwa, ili anayezungumza na mshauri wake asisikiwe. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaweza kuwafundisha wanajumuiya maswali matatu ya kuuliza kabla ya kufungua moyo: umesajiliwa na baraza lipi, taarifa zangu zitatunzwa wapi, na nikizidiwa utamwita nani? Na kwa aliye hatarini leo, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo. Tusingoje kanuni zikamilike ndipo tumwulize jirani anayenyamaza kama amelala usiku.