Utafiti wa mwanafunzi wa Kiingereza unahitaji wasomaji kabla ya kufika mbele ya juri

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kuisha, wanafunzi wa idara za Kiingereza kwenye vyuo vikuu na vyuo vya ualimu (ISP) vya Kongo huanza mbio zile zile. Kutafuta mada, kutafuta mwalimu wa kuongoza kazi, kisha kuzunguka vibanda vya kuchapisha na fotokopi karibu na lango la chuo. Katika baadhi ya vibanda hivyo, TFC za miaka iliyopita zinalala ndani ya kompyuta. Kinachobaki ni kubadilisha jina, mji na mwaka.

Ni rahisi kusema kwamba wanafunzi ni wavivu. Lakini ukiangalia safari ya kazi yenyewe, utaona jambo lingine. Mwanafunzi anaandika kurasa hamsini kwa lugha ambayo nyumbani kwake hakuna anayeizungumza. Zinasomwa na mwalimu mmoja, tena kwa haraka, na siku ya kutetea juri inafungua ukurasa wa kwanza na ule wa mwisho. Kisha kazi inaingia kwenye kabati. Mtu anayejua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayemsoma, kwa nini ajisumbue kutafuta?

Shida hii haikuzaliwa Kongo. Nchini Marekani, ambako somo la kuandika Kiingereza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza lilianza kuwa la lazima Harvard mnamo 1885, kazi ya utafiti imekuwa ikilalamikiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 mwalimu Richard Larson aliandika katika jarida College English kwamba kile kinachoitwa “kazi ya utafiti” si aina ya maandishi hata kidogo. Utafiti, kwa maoni yake, unaweza kuingia ndani ya maandishi ya kila namna, na kuufunga ndani ya zoezi moja la shule ni kumdanganya mwanafunzi. Maneno hayo yaliwakera walimu wengi, na zoezi liliendelea.

Baadaye zikaja hesabu. Mradi mmoja wa Marekani unaoitwa Citation Project, ulioongozwa na Rebecca Moore Howard na Sandra Jamieson, ulichukua kazi 174 za wanafunzi kutoka vyuo 16 na kufuatilia kila mahali mwanafunzi alipotumia maneno au wazo la mtu mwingine. Mahali hapo palikuwa 1.911. Asilimia 46 ya yote yalichukuliwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu au makala iliyotajwa. Na ni asilimia 6 tu ambapo mwanafunzi alifupisha kwa maneno yake mwenyewe hoja ya mwandishi. Maana yake ni kwamba wengi hawakusoma. Walifungua mlango, wakaokota sentensi iliyokuwa karibu, wakaondoka. Na hao ni wanafunzi wenye maktaba iliyojaa vitabu na umeme usiokatika.

Hapo ndipo blogu zinaingia katika habari hii. Huduma ya Blogger ilifunguliwa mwaka 1999, na watu wasiojua lolote la ufundi wa kompyuta wakaweza kuchapisha maandishi yao bure. Walimu wa Kiingereza hawakuchelewa kuona faida. Chuo Kikuu cha Mary Washington, katika jimbo la Virginia, kiliweka mwaka 2007 mfumo wa blogu kwa ajili ya wanafunzi na walimu wake wote, na miaka michache baadaye kikaanza kumpa mwanafunzi anwani yake mwenyewe kwenye intaneti. Cathy Davidson, aliyekuwa akifundisha Duke, alisema waziwazi kwamba wanafunzi wake waliandika vizuri zaidi kwenye blogu kuliko katika kazi za kawaida za darasa. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, ulioongozwa na Andrea Lunsford, ulifuata wanafunzi 189 kuanzia 2001. Ulikuta kwamba asilimia 38 ya maandishi yao yalifanyika nje ya darasa, na kwamba vijana hao walikuwa hodari wa kupima wanayemwandikia ni nani. Pale walipokuwa na msomaji, walijitahidi.

Lakini kumwambia mwanafunzi “fungua blogu, andika” ni kupoteza muda. Atajaza salamu, picha na maoni ya haraka, kama anavyofanya Facebook. Blogu inafundisha utafiti pale tu mwalimu anapoigawa kazi kubwa katika vipande vidogo, na kila kipande kina sharti lake. Wiki ya kwanza, swali peke yake na sababu ya kuliuliza. Wiki inayofuata, chanzo kimoja kilichosomwa hadi mwisho na kufupishwa bila kunakili. Halafu vyanzo viwili visivyokubaliana, na mwanafunzi aseme anaona nani ana ushahidi zaidi. Kisha mahojiano, au hesabu aliyoifanya mwenyewe. Insha ndefu inakuja mwisho, ikijengwa juu ya vipande ambavyo wenzake wameshavisoma na kuvipinga.

Tuseme mwanafunzi wa Kiingereza Bukavu anataka kuchunguza maneno ya Kiingereza yanayoingia katika Kiswahili cha wauza simu wa soko la Kadutu. Kwa utaratibu wa sasa atafungua sura ya kwanza kwa historia ya isimu tangu Saussure, atajaza kurasa kumi na tano za maana ya “lugha” na “jamii”, na soko litaonekana karibu na mwisho, kama mgeni aliyechelewa harusi. Akiandika kila wiki mbele ya watu, analazimika kuanza na soko. Wiki ya tatu anadai kwamba neno fulani limetoka kwa Kiingereza. Mtu wa mtaa anamjibu: hapana, neno hilo bibi yangu alilitumia, nalo ni la Kifaransa. Sasa mwanafunzi hana pa kukimbilia. Itabidi arudi sokoni, atafute kamusi, aulize wazee, kisha aandike tena. Huo ndio utafiti, na hakuna silabusi inayoweza kuuweka kichwani mwa mtu kwa kukariri.

Kuna faida nyingine ambayo miaka kumi iliyopita hakuna aliyeifikiria. Tangu Novemba 2022, ChatGPT na programu za aina yake zinaweza kuandika kurasa hamsini za Kiingereza safi kabla chai haijapoa. Kazi moja kubwa inayotolewa mwishoni ndiyo rahisi zaidi kuiomba kwa mashine. Mfululizo wa vipande kumi na viwili, wenye makosa yaliyosahihishwa, majibu ya wasomaji na jina la soko ambalo mwalimu analijua, ni mgumu kuughushi. Hauwezi kusemwa kuwa hauwezekani kughushiwa. Ila anayetaka kudanganya atatoka jasho zaidi kuliko anayefanya kazi kweli.

Wapinzani wana hoja, na baadhi ni nzito. Marekani kwenyewe, William Fitzhugh, aliyeanzisha jarida The Concord Review mwaka 1987 ili kuchapisha insha za historia za wanafunzi wa sekondari, ametetea kazi ndefu kwa nguvu. Anaona vijana wanafika chuoni bila kusoma kitabu kizima. Anapendekeza mtoto wa darasa la kwanza aandike ukurasa mmoja wenye chanzo kimoja, na idadi iongezeke kila mwaka hadi kurasa kumi na mbili mwaka wa kumi na mbili. Ukipima vizuri, pendekezo lake haligombani na blogu. Linagombana na kile kinachofanyika Kongo: miaka bila kuandika kitu, kisha mlima mmoja wa ghafla.

Wengine watasema blogu inaharibu Kiingereza, na makosa ya mwanafunzi yatabaki mbele ya dunia. Makosa hayo yapo hata sasa, isipokuwa yamefichwa kabatini.

Hoja ya mega ni kweli zaidi. Mwanafunzi anayekosa nauli hawezi kununua intaneti kila siku, na mitaa mingi hukaa gizani wiki nzima. Kwa hiyo si lazima kila mmoja awe na blogu yake. Darasa zima linaweza kuwa na ukurasa mmoja. Wanafunzi waandike kwenye karatasi au simu bila intaneti, kisha asistenti au kiongozi wa darasa apandishe maandishi yote mara moja kwa wiki. Kundi la WhatsApp, ambalo kila darasa linalo, linasaidia kugawa kazi, lakini halifai kuwa nyumba yake: ujumbe wa leo unazikwa na salamu za kesho. Pale ambapo intaneti haipo kabisa, gazeti la ukutani kwenye korido ya chuo linafanya nusu ya kazi.

Halafu kuna usalama, na hapa haifai kuiga Marekani kwa kufumba macho. Kule, sheria ya 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, na bado walimu wengi huwaruhusu wanafunzi kutumia jina la kubuni. Kongo kuna sheria ya numeriki ya Machi 2023, yenye adhabu kwa makosa yanayofanyika mtandaoni. Na mashariki, Goma na Bukavu zilichukuliwa na AFC/M23 mwanzoni mwa 2025. Mwanafunzi anayeandika kwa jina lake kamili kuhusu kodi za barabarani au bei ya makala anaweza kuamsha watu wasiopenda maswali. Hakuna alama ya darasani inayolingana na hatari hiyo. Mwalimu ndiye anapaswa kuamua mapema: mada zipi ziende hadharani, zipi zisomwe ndani ya darasa tu, na nani aandike kwa herufi mbili za jina. Asiyeweza kutoa ulinzi huo afunge ukurasa kwa neno la siri na awaachie wanafunzi wasomane wao kwa wao.

Mzigo wa walimu nao haupunguki kwa kufumbiwa macho. Asistenti mwenye wanafunzi mia mbili na mshahara unaochelewa hatasoma vipande mia mbili kila wiki, na kumwomba afanye hivyo ni utani. Anachoweza ni kusoma kumi, akibadilisha majina kila wiki, na kumtaka kila mwanafunzi awajibu wenzake wawili kwa kuuliza: ulijuaje? Majibu hayo yapewe alama kama maandishi yenyewe, vinginevyo hakuna atakayeyaandika.

Mfumo wa LMD, ulioenea katika vyuo vya Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anaifanya mwenyewe nje ya saa za darasa. Nafasi ipo, basi, bila kungoja amri ya Kinshasa. Idara moja ya Kiingereza inaweza kuchukua kozi moja ya kuandika, semesta moja, darasa moja la mwaka wa pili, na kuweka vipande vyao mahali ambapo darasa la mwaka ujao litavikuta. Hao wa mwaka ujao watajua nani alishachunguza soko la Kadutu, alikwama wapi, na ni swali gani aliliacha bila jibu.