Kifaa Elekezi cha Dereva wa Teksi: Kitamke kwa Mpangilio wa Nani?

Kila likizo ndefu inapowadia, wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi hutawanyika katika kampuni za Nairobi kufanya uanagenzi. Tangu Uber iingie jijini mwaka 2015, na Little kuifuata mwaka 2016, teksi za kuitwa kwa simu zimekuwa uwanja unaowavutia vijana hao. Mwanagenzi akikabidhiwa kubuni programu ya rununu ya kumwelekeza dereva, kazi hiyo huonekana kuwa ya ramani na hesabu. Lugha hukumbukwa mwishoni, pale maagizo ya Kiingereza yaliyokwisha kuandikwa yanapotafutiwa mfasiri. Utaratibu huo una kasoro, na anayeilipia ni dereva.

Hebu itazamwe sentensi moja tu: "Kunja kushoto baada ya mita mia mbili." Kisarufi haina ila. Hata hivyo, dereva aliyezingirwa na matatu na bodaboda husikia amri kwanza na sharti baadaye. Akiwa mwepesi wa mkono, atakuwa ameanza kukunja kabla ya kuambiwa ni wapi. Mzawa wa Kiswahili huelekeza kinyume: "Ukishapita sheli, kunja kushoto." Viambishi -ki- na -sha- vimebeba sharti, alama imetangulia na kitendo kimefuata, kwa mpangilio uleule ambao jicho la dereva litavikuta barabarani. Isitoshe, ni nani apimaye mita mia mbili kwa jicho, asipokuwa mpimaji ardhi? Na kwa kuwa sheria ya trafiki humkataza dereva kushika simu akiendesha gari, sikio ndilo tegemeo lake.

Suala la alama nalo ni pana kuliko linavyodhaniwa. Wakazi wa Nairobi huelekezana kwa steji, misikiti, makanisa na maduka, na baadhi ya alama hizo hazipo tena. Duka kuu la Nakumatt lilifilisika na kufikia mwaka 2020 lilikuwa limefungwa kabisa, lakini jina lake lingali vinywani mwa abiria. Abiria anaposema yuko "pale palipokuwa Nakumatt", ramani hubaki bubu ilhali dereva mzoefu hufika moja kwa moja. Tangu mwaka 2022 pana pia barabara ya mwendokasi ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo sehemu yake imeinuliwa juu ya ile ya zamani. Programu isiyosema wazi "shika ya chini" humpandisha dereva ya juu, kwenye ada. Kanuni za mwaka 2022 ziliziwekea kampuni kikomo cha kutoza asilimia 18 ya nauli. Petroli ya kuzunguka bure hutoka katika kile kinachosalia.

Wapo watakaodai kwamba madereva wa Nairobi wanakijua Kiingereza, tena wengine wana shahada. Ni kweli, lakini hoja hiyo haigusi kiini. Kujua lugha mezani ni tofauti na kuifasiri huku mguu uko kwenye breki. Wala kinachotetewa hapa si Kiswahili cha mapambo, kwani maagizo yaliyosheheni istilahi za kamusi yatamchelewesha dereva sawasawa na yale ya kigeni. Akisema "sheli", programu nayo iseme "sheli".

Mfano wa namna ya kuanza upo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao kwa kuupitia kwa miguu. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu mikononi, wakanakili njia na steji, na ramani iliyotokana na mradi huo, Digital Matatus, ikatolewa mwaka 2014. Hawakuanzia kwenye kiti cha ofisi. Mwanagenzi mwenye miezi mitatu naye atumie wiki za mwanzo kando ya dereva, akiandika maneno halisi ambayo abiria na dereva huelekezana kwayo. Awe pamoja na mwanafunzi wa Kiswahili, atakayepanga sentensi hizo na kuzijaribu kwa sikio kabla msimbo haujaandikwa. Idara za Kiswahili, ambazo zimezoea kupeleka wanafunzi wao shuleni na katika vyumba vya habari, zina kila sababu ya kubisha hodi katika kampuni hizo kabla ya likizo ijayo.